Rupia ya Sindeni

Kwa miaka tisa nilipima dhahabu ya watu wengine. Nilikuwa nimeajiriwa na mnunuzi mmoja pale Handeni mjini, enzi zile wachimbaji wadogo walipokuwa wakishuka kila jioni na vipande vyao vimefungwa kwenye karatasi za pakiti ya sigara. Dhahabu ilipopungua, bosi akafunga ofisi akahamia kanda ya ziwa. Mimi akaniachia mizani ndogo ya betri, kioo cha kukuzia, na mazoea ya kutoamini kitu mpaka nimekipima. Nikarudi Korogwe, nikafungua kibanda karibu na soko la Manundu, nikawa nauza chaja na kava za simu.

Sarafu zilinijia zenyewe. Mtu mmoja aliiona ile mizani, akatoa mfukoni senti ya tundu aliyoikuta kwenye mashine ya kushonea ya marehemu bibi yake, akaniuliza kama ina maana yoyote. Haikuwa na maana kubwa, lakini nilimweleza ilikotoka. Akaleta mwenzake, na mwenzake akaleta shangazi yake. Nilianza kusoma, nikaulizia watu wa Tanga na Dar wanaonunua, nikajifunza kutenganisha hela ya shaba ya Mjerumani na shilingi ya simba ya Mwingereza. Baada ya mwaka mmoja watu waliacha kuniita Grasiana. Wakawa wananiita Mama Rupia.

Wengi walikuwa wageni kabisa wa mambo haya, na neno langu la kwanza kwao lilikuwa moja: usiisugue. Mtu akiokota sarafu ya zamani, mkono wake unakimbilia majivu na limau. Anaisugua mpaka inang'aa kama kijiko cha harusi, na hapo nusu ya bei imeshakwenda na maji. Niliwaonyesha jinsi ya kupima uzito, kwamba rupia halisi ya Mjerumani inacheza kwenye gramu kumi na moja na nusu na kidogo juu yake, na kwamba fedha haishiki sumaku hata uifanyeje. Niliwaonyesha pa kutafuta mwaka. Nilikuwa nachukua elfu moja, na kwa mzee sichukui kitu. Niliipenda kazi ile kuliko chaja. Nilikuwa naamini kwamba mtu akishajua thamani ya kitu chake, hakuna wa kumwonea.

Salimu alikuja Jumanne moja, mwaka ambao vuli ilichelewa. Alikuwa mtu mzima kunizidi, mrefu, kanzu imefuliwa vizuri, viatu vina vumbi jekundu la njiani.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba, mama. Wewe ndiye Mama Rupia?"

Nikamkaribisha kwenye stuli. Akatoa kitambaa, akakikunjua mara tatu, na ndani yake ilikuwa rupia. Niliiona kabla sijaigusa kwamba ni ya kweli. Mfalme wa Wajerumani na kofia yake ya chuma yenye ndege kichwani, upande wa pili maandishi na mwaka 1910. Ilikuwa na weusi mzuri wa ardhini, haijasuguliwa.

"Umeipata wapi, baba?"

"Kwangu Sindeni. Nilikuwa nachimba shimo la choo. Futi ya tano hivi, sululu ikagonga kigae, na hii ikawa chini yake."

Niliiweka kwenye mizani. Gramu kumi na moja nukta sita. Nikapitisha sumaku juu yake, haikutikisika. Nikamwambia kwa furaha kabisa, maana nilidhani nampa habari njema: "Baba, hii ni halali. Ni fedha. Na umefanya vema kutoisugua. Mnunuzi mwaminifu atakupa elfu hamsini. Akiwa anaitaka sana, sabini."

Salimu alikuwa ananitazama mdomoni, kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

"Elfu hamsini," akasema mwishowe.

"Ndiyo. Zipo nyingi, Mjerumani alizitengeneza kwa wingi. Ungepata ile ya dhahabu yenye tembo, hapo tungezungumza mengine."

Akatoa simu. Kulikuwa na video. Mkono wenye glavu nyeupe ulikuwa umeshika rupia kama ile kwa uzi, ukaiteremsha juu ya sahani ya mchele, na punje za mchele zikairukia na kuing'ang'ania. Sauti ya mwanamume ikasema kwamba rupia inayovuta mchele wanaitafuta wazungu wa mitambo, na bei yake inaanzia milioni themanini.

"Huyu ni Injinia Valentino," Salimu akasema. "Yupo Segera, gesti moja pale njia panda. Ameiona picha ya hii yangu. Anasema inaelekea kuwa yenyewe. Bado kipimo tu."

"Na kipimo ni shilingi ngapi?"

"Milioni tisa. Kuna dawa inaagizwa."

Nilichukua punje za mchele kwa mama ntilie wa jirani, nikaziweka kwenye karatasi, nikamwambia ashushe rupia yake mwenyewe. Hakuna kilichosogea. Nikamweleza kwamba mchele wa kwenye video umepakwa unga wa chuma na hiyo rupia ina sumaku ndani. Nikamwambia hakuna rupia inayovuta mchele, si ya Mjerumani wala ya nani, na kwamba nimewaona watu wawili kabla yake waliofilisika kwa maneno hayo hayo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akaikunja rupia kwenye kitambaa chake, mara tatu.

"Injinia aliniambia nitakutana na mtu atakayeniambia hivi," akasema. "Alisema, ukiona mtu anaishusha bei sana, ujue anaitaka yeye."

Akaweka noti ya elfu moja mezani, ingawa sikuiomba, akaondoka.

Siku nne nilikaa na jambo lile. Nilikuwa nauza kava huku nasikia sauti yake. Kilichonitesa ni kwamba, ukiangalia kutoka upande wake, alikuwa na haki. Walanguzi wote wa sarafu husema hivyo hivyo: hii ya kawaida, hii zipo nyingi, nakupa hamsini. Ukweli wangu na uongo wao vilikuwa vimevaa nguo moja. Angeutofautisha na nini?

Jumamosi nikafunga kibanda. Nilichukua kopo la maziwa ya unga ninamohifadhi rupia zangu, nilikuwa nazo tisa nilizokusanya kwa miaka mitano, nikasema nitakwenda kumwonyesha kwa macho yake kwamba ni kitu cha kawaida. Nikapanda bodaboda mpaka Sindeni. Jua lilikuwa kali, mahindi kando ya barabara yamejikunja majani. Nilipouliza kwa Salimu, nikaelekezwa bila shida: kwenye michungwa.

Ilikuwa shamba zuri. Ekari tatu na kitu, michungwa iliyopandwa na baba yake, imepogolewa vizuri, na nyuma ya nyumba lile shimo la choo halijamalizwa. Mkewe Hajira alikuwa anamenya mihogo barazani. Aliinuka, akanikaribisha, akanipa kigoda na maji. Nilimweleza mimi ni nani. Akakunja uso.

"Salimu amekwenda dukani, anarudi," akasema. "Una shida naye gani?"

"Sina shida naye, dada. Nimekuja juu ya ile rupia."

"Enhe."

"Msitoe hela yoyote kwa wale watu wa Segera. Nakuomba. Rupia ni ya kweli lakini thamani yake ni ndogo. Wale ni matapeli."

Hajira aliendelea kumenya. Kisu chake kilikuwa kinakwenda polepole.

"Umetoka Korogwe kuja kusema hilo tu?"

"Ndiyo."

"Nauli nani amekupa?"

"Nimejilipia mwenyewe."

Kisha Salimu akaja, akanisalimia, akaketi ukingoni mwa baraza. Nikafungua kopo. Nikazipanga rupia zangu tisa kwenye ungo, moja moja, nikamwambia atoe yake aziweke pamoja. Aliitoa. Zilikuwa sawa kama ndugu wa tumbo moja. Mbili zilikuwa hata za mwaka ule ule, 1910.

"Umeona, baba? Hii yako ni ya kumi. Ningekuwa na tisa za milioni themanini kila moja ndani ya kopo, ningekuwa nauza chaja Manundu?"

Nilidhani nimeshinda. Salimu aliinama, akazigusa kwa kidole, moja baada ya nyingine. Kisha akamgeukia mkewe, wakasemezana Kizigua. Mimi ni Msambaa wa Bumbuli, Kizigua nakielewa nusu, na nusu ile ilitosha. Alisema: anazo tisa, anataka ya kumi.

"Mama," akaniambia kwa Kiswahili, "kama hazina kitu, unazikusanya za nini?"

"Nazipenda tu," nikasema.

Ndilo lilikuwa jibu la kweli, sikuwa na jingine. Lakini nilivyolisikia likitoka pale barazani, mbele ya watu wanaolima ili wale, hata mimi nililiona ni uongo. Hajira alikuwa ameacha kumenya. Alikuwa anazitazama zile rupia kwenye ungo wake, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sikukijua siku ile. Nilidhani ananielewa.

Walinisindikiza mpaka barabarani kwa heshima, wakanipa machungwa kumi na mawili ndani ya mfuko.

Baada ya hapo sikusikia kitu kwa zaidi ya mwezi. Mvua zilinyesha, zikakata. Nilijiambia kwamba kimya ni dalili njema, labda wametafakari. Nilimpigia Salimu mara mbili, hakupokea, nikaona nisiwe kero.

Walikuja wote wawili, siku ya Ijumaa kabla ya swala. Salimu alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yanawaka. Hajira alikuwa nyuma yake, amejifunika kanga mpaka kidevuni. Hakunisalimia. Niliwapa stuli mbili, Hajira akakataa ya kwake, akabaki amesimama.

"Tumerudi kwako kwa kipimo cha mwisho," Salimu akasema. "Injinia alifanya kazi yake. Aliipaka dawa, akaifunga siku saba chumbani kwake, akanirudishia. Alisema nikae nayo, mnunuzi anashuka kutoka Nairobi. Sasa simu yake ina wiki mbili haipatikani. Nikasema, huenda amepata matatizo. Lakini rupia ninayo. Nikipata mtu wa kuthibitisha, naweza kuuza mwenyewe."

"Milioni tisa ulizipata wapi, baba?"

Alikuwa anakunjua kitambaa.

Sikuhitaji mizani. Ilikuwa inang'aa, nyepesi kwa macho, ndege wa kofiani hana kichwa, herufi zimevimba kama zimechorwa na msumari. Walikuwa wamembadilishia. Hata ile ya elfu hamsini walikuwa wameichukua. Lakini alikuwa ananitazama, na mikono yangu ilikuwa imeshazoea utaratibu wake. Nikaiweka kwenye mizani: gramu nane. Nikachukua sumaku, nikaisogeza.

Sarafu iliruka kutoka kwenye mizani ikaigonga sumaku, ta!

Salimu akasimama. Stuli ikaanguka nyuma yake.

"Imevuta!" akapiga kelele. "Hajira, umeona? Imevuta! Mara ya kwanza haikuvuta, umeona sasa? Dawa imefanya kazi!"

Watu wa vibanda vya jirani waligeuka. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, ananishika mkono ule wenye sumaku na kuutikisa. Katika maisha yangu sijawahi kuona mtu amefurahi kiasi kile. Na mimi ndiye niliyetakiwa kusema.

Nilisema. Nilisema taratibu, kwamba fedha haishiki sumaku na chuma ndicho kinachoshika, na kwamba hii ni kipande cha chuma kilichopakwa rangi. Yake halisi imebaki kwa wale watu. Nilimwonyesha namba ya mizani. Nilitoa moja ya kwangu nikampa azishike zote mbili, moja kila kiganja, asikie uzito.

Alizishika. Alisimama hivyo, viganja wazi, kama mtu anayeomba dua. Nilimwona akisikia ile tofauti. Ilipita usoni mwake, nikaiona ikipita, kisha akaifukuza.

"Ilipokuwa haivuti ulisema haina thamani," akasema. "Sasa inavuta, unasema haina thamani. Mara zote mbili, mama. Mara zote mbili umesema hivyo hivyo."

Akanirudishia yangu. Ile ya chuma akaikunja kwenye kitambaa, akatoka, akaenda kusimama juani upande wa pili wa barabara, mgongo umetuelekea.

Hajira ndipo alipokaa.

"Shamba limekwenda," akasema. "Amelichukua mtu wa Dar, ameshaleta waya wa kuzungushia. Michungwa kaikata, anataka kufuga ng'ombe."

"Serikali ya kijiji ilikubali vipi? Si lazima mke naye akubali?"

"Ni lazima. Nami nilikuwa nimegoma." Alikuwa anasema bila kuniangalia, sauti haipandi wala haishuki. "Wiki tatu alinibembeleza, nikagoma. Nilimwambia, mwanamume, mimi siamini mchele unaoruka. Mwenyekiti alikuwa upande wangu, hata kaka yangu Muhsin wa Makuyuni. Halafu ukaja wewe."

Nikaizima mizani.

"Ukaja na jua lile, kwa nauli yako. Ukapanga zile rupia kwenye ungo wangu. Nikasema moyoni, mwanamke wa mjini hawezi kufunga duka lake Jumamosi, akapanda pikipiki mpaka kwetu, kwa kitu cha elfu hamsini. Nikasema, kumbe Salimu anasema kweli. Jumatatu yake nikatia dole." Akanyoosha kidole gumba, akakitazama kana kwamba wino bado upo. "Ungekaa kwako, dada, tungekuwa na shamba."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuja kwa wema. Lakini alijua. Alikuwa ameshalijua hilo, ndiyo maana hakuwa na hasira, na mimi ningeona nafuu kama angenitukana. Nilichukua kopo, nikamwambia achukue zote tisa, azibadilishe, zingempa pa kuanzia. Akatikisa kichwa.

"Usinipe hizo," akasema. "Akiziona mkononi mwangu, hatapona."

Tulikwenda polisi siku ile ile, mimi na Hajira. Salimu alikataa kuingia. Waliandika maelezo, wakapiga ile namba, haikupatikana. Pale gesti Segera walisema mtu wa jina hilo hawamkumbuki, wapita njia ni wengi, wa Tanga, wa Arusha, wa Dar, nani atawakumbuka wote. Tuliwapa polisi ile video iliyokuwa kwenye simu ya Salimu. Sijasikia neno mpaka leo.

Walihamia Makuyuni, kwa Muhsin, kwenye chumba kimoja cha uani. Hajira analima vibarua kwenye mashamba ya watu. Nilikwenda kuwaona mara moja, nikakuta Hajira hayupo, na majirani wakaniambia Salimu siku hizi hashindi nyumbani. Anashinda Segera, mabasi yanaposimama. Anapita dirishani na kitambaa chake na kipande cha sumaku alichokinunua kwa fundi redio, anawaonyesha abiria jinsi inavyovuta. Haombi hela. Anataka tu mtu amwambie ni yenyewe. Wengine wanamwambia ndiyo, kwa kumhurumia au kwa mzaha, na siku hiyo anarudi nyumbani amechangamka, anamwambia Hajira mnunuzi yupo karibu.

Sikumsubiri Hajira arudi. Nilipanda pikipiki nikarudi zangu Korogwe.

Kibanda bado ninacho. Rupia zangu tisa nimeziuza kwa mtu wa Tanga, zote kwa pamoja, sikubishana naye bei. Mizani ipo, kwa sababu watu bado wanakuja. Wiki iliyopita alikuja binti mmoja wa Handeni, Shamsia jina lake, na shilingi tatu za simba alizozikuta kwenye mtungi wa bibi yake. Nilizipima. Nilimwandikia kwenye karatasi uzito na mwaka wa kila moja, nikamwambia asizisugue.

"Sasa bei yake, mama?" akauliza. "Ni kubwa au ndogo?"

Naijua bei ya shilingi ya simba kama ninavyolijua jina langu.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Kaulize wengine."

Akashukuru, akaweka elfu moja mezani. Nilimrudishia. Alikunja ile karatasi vizuri, akaitia kwenye pochi pamoja na zile shilingi, akaelekea stendi. Sikumuuliza kama kuna mtu mwingine aliyekwisha kumwambia bei.